Warumi 13 hailazimishi kitanzi

Hotuba hii niliitoa Dodoma tarehe 10 Oktoba, siku inayoadhimishwa duniani kupinga adhabu ya kifo, mbele ya wachungaji, mapadre, makatekista, wazee wa kanisa na mawakili Wakristo wa madhehebu mbalimbali. Nimeiandika karibu kama ilivyotoka mdomoni.

Baba Askofu, wachungaji na mapadre, masista, wazee wa kanisa, mawakili wenzangu: Bwana Yesu asifiwe, na Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie Wakristo na adhabu ya kifo. Nitawaambia mapema ninakosimama, ili anayepinga aanze kuandika hoja zake. Nataka adhabu hii ifutwe katika sheria za Tanzania, na naamini Mkristo anayeisoma Biblia yake yote anaweza kulitaka jambo hilo kwa dhamiri safi. Sikuja kuwaambia kwamba Biblia haiijui adhabu ya kifo. Inaijua sana. Anayewaambia vinginevyo hajafungua Kutoka wala Walawi, na tukianza kwa kuwadanganya waumini wetu, watatukamata kabla hatujafika Agano Jipya.

Kwanza tuione sheria yenyewe, maana wengi tunaijadili bila kuisoma. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 196, inaeleza kosa la kuua kwa kukusudia. Kifungu cha 197 kinatoa adhabu, na adhabu ni moja tu. Jaji akishamtia mtu hatiani kwa kosa hilo hana tena cha kupima. Awe mzee wa miaka 80 au kijana wa miaka 19, awe amekodiwa kuua au ameua baada ya kuteswa miaka na miaka ndani ya ndoa, awe anajuta au hajuti, anachotamkiwa ni kunyongwa hadi kufa. Wanaookoka ni mama mjamzito, ambaye hupewa kifungo cha maisha, na yule aliyetenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18.

Sasa angalieni kosa la jirani, kuua bila kukusudia. Hapo jaji ana uhuru wote, kuanzia kifungo cha maisha hadi kumwachia mtu kwa masharti. Kinachotenganisha makosa hayo mawili kinaitwa nia ovu, nayo imo kifuani mwa mtu, mahali ambapo hakuna shahidi aliyewahi kuingia. Sisi mahakamani tunaisoma kwa dalili: silaha gani ilitumika, pigo lilitua wapi, yalikuwa mapigo mangapi, mshtakiwa alisema nini kabla na baada. Wakili mwenye uzoefu na wakili aliyepewa jalada juzi hawazisomi dalili hizo kwa jicho moja. Na kosa la mauaji halina dhamana, kwa hiyo mshtakiwa anafika siku ya kesi akiwa ameshakaa mahabusu muda mrefu, mashahidi wake wametawanyika, wengine wamefariki. Mwenye fedha hutafuta wakili mwenyewe. Maskini hupangiwa mmoja wetu na mahakama, na mawakili mlioko humu mnajua malipo ya kazi ile ni kiasi gani na muda tunaoipa ni kiasi gani.

Niliwahi kupangiwa kumtetea kijana mmoja. Ulikuwa ugomvi wa mpaka wa shamba, jirani na jirani, na silaha ilikuwa jembe alilokuwa amelishika tangu asubuhi akilimia. Nilibishania nia ovu kadiri nilivyoweza, nikashindwa. Baada ya kumtia hatiani, jaji alimuuliza, kama utaratibu unavyotaka, kama ana lolote la kusema kabla ya adhabu. Kijana akasema: "Mheshimiwa, mama yangu haoni. Mimi ndiye ninayemchotea maji." Kisha akaeleza kisima kilipo, na kwamba njia yake ni mbaya wakati wa masika. Jaji aliyaandika yote, kwa mkono, taratibu, bila kumkatisha. Alipomaliza kuandika akaisoma adhabu, ambayo maneno yale yasingeweza kuigusa hata kidogo. Nimewaza sana juu ya swali lile la jaji. Sheria inamwambia amuulize mtu, halafu inamkataza kulitumia jibu.

Hapo ndipo nataka tuanzie kama Wakristo. Kabla hatujauliza kama serikali ina ruhusa ya kuua, tuulize kama kuna andiko lolote linalosema hakimu asiruhusiwe kuhurumia.

Andiko linalotajwa kwanza kila mara ni Mwanzo 9:6: "Amwagaye damu ya mwanadamu, damu yake huyo itamwagwa na mwanadamu, maana kwa mfano wake Mungu alimfanya mwanadamu." Ndugu zetu wanaoitetea adhabu ya kifo wanasema, na hoja yao ina uzito, kwamba neno hili lilitolewa kwa Nuhu, kabla ya Musa na kabla ya Israeli, kwa hiyo linawahusu watu wote. Wanaongeza kwamba sababu iliyotajwa ni thamani ya uhai: anayeua anamgusa Mungu mwenyewe. Nakubaliana nao kabisa juu ya uzito huo, na kamwe sitasimama mbele ya mjane nimwambie kwamba damu ya mumewe ni jambo dogo. Ila kitabu hichohicho cha Mwanzo, sura ya 4, kina kesi ya kwanza ya mauaji duniani. Jaji ni Mungu mwenyewe. Ushahidi haukupungua, damu ilikuwa ikilia kutoka ardhini. Mshtakiwa alidanganya hadi mwisho. Na hukumu ikawa kufukuzwa, pamoja na alama iliyowekwa juu ya Kaini ili yeyote atakayemwona asimwue. Mungu alimwadhibu muuaji, na palepale akayalinda maisha yake. Aliyeyafanya hayo mawili kwa pamoja ndiye yuleyule aliyesema na Nuhu.

Tusonge mbele. Musa alimpiga Mmisri akafa, akamficha mchangani, akakimbilia Midiani. Daudi alipanga kifo cha Uria kwa barua, na Uria mwenyewe ndiye aliyeibeba barua hiyo. Sheria ya Torati ilikuwa wazi, lakini nabii Nathani akamwambia Daudi kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, "hutakufa." Sauli wa Tarso, ambaye baadaye tunamjua kama Paulo, aliafiki kuuawa kwa Stefano. Wapitisheni hao watatu katika kifungu cha 197, na mniambie ni kurasa ngapi za Biblia zitabaki mikononi mwetu.

Kuhusu Torati yenyewe nitakwenda haraka. Inaagiza kifo kwa muuaji, na pia kwa anayefanya kazi siku ya Sabato, na kwa mtoto anayemlaani baba yake au mama yake. Sijamsikia mchungaji yeyote nchini akiomba Bunge litunge sheria ya kunyonga watoto wakaidi. Kwa hiyo sote tumeshakubali kwamba maagizo yale hayahamishwi kama yalivyo na kuwa sheria ya Jamhuri. Lakini kuna sehemu ya Torati tunayoipita kimya, na mimi kama wakili ndiyo inayonigusa zaidi. Kumbukumbu la Torati 17 linasema mtu asiuawe kwa ushahidi wa shahidi mmoja. Wawe wawili au watatu, na mikono ya mashahidi hao iwe ya kwanza kumrushia jiwe. Sura ya 19 inaongeza kwamba shahidi wa uongo atendewe kile alichokusudia kumtendea mwenzake. Sheria yetu ya Ushahidi haidai idadi yoyote maalumu ya mashahidi. Mmoja anatosha, mahakama ikimwamini. Na mnajua mashahidi wa kesi zetu. Tukio ni usiku, nyumba ya udongo, mwanga ni wa koroboi, watu wanakimbia, na shahidi anasema alimtambua mtu kwa sauti au kwa shati. Mahakama ya Rufani imeonya juu ya utambuzi wa namna hiyo tangu kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, na watu wengi wameokolewa na onyo hilo. Swali langu ni juu ya wale ambao halikuwafikia. Anayetaka adhabu ya Musa, basi achukue na masharti ya Musa.

Sasa Warumi 13. Paulo anasema mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu, na kwamba "hauchukui upanga bure." Naliamini andiko hili. Serikali ina haki ya kuadhibu, na nchi isiyoadhibu wauaji inawasaliti raia wake. Lakini someni mistari inayotangulia, maana Paulo hakuigawa barua yake kwa sura. Mwishoni mwa sura ya 12 anawaambia Wakristo wa Rumi wasijilipize kisasi, waipishe ghadhabu ya Mungu, na adui yao akiwa na njaa wamlishe. Mbele kidogo anamalizia kwa kusema walipe kodi na ushuru. Humo katikati ndimo upanga ulimo. Paulo anawafundisha raia utii. Hamfundishi kaizari Nero adhabu za kutoa. Hasemi kosa gani lipate adhabu gani, wala hasemi mtawala anayesamehe anamkosea Mungu. Na mapokeo ya Kanisa yanatuambia kwamba upanga uleule wa Rumi ndio uliomkata Paulo kichwa. Aliandika juu yake akijua unaweza kumshukia asiye na hatia, kwa sababu Bwana wake alikuwa amesulubiwa kwa amri ya liwali wa dola hiyohiyo.

Nitatendea haki upande wa pili. Mbele ya Festo, katika Matendo 25, Paulo anasema kama ametenda neno linalostahili kufa, hakatai kufa. Na yule mhalifu msalabani anakiri kwamba yeye na mwenzake wanapokea malipo waliyostahili. Yesu hakubishana naye juu ya sheria ya Rumi. Basi kusema Agano Jipya limepiga marufuku adhabu ya kifo kwa amri ya moja kwa moja ni kusema zaidi ya lililoandikwa. Ninachosema ni hiki, na naomba mkipime: Warumi 13, hata ikisomwa kwa ukali wote, inatoa ruhusa. Hailazimishi. Kifungu cha 197 kinalazimisha. Mkristo anayekitetea kifungu hicho kwa Warumi 13 anatetea kitu ambacho Paulo hakukiandika.

Historia ya Kanisa inatusaidia hapa, na nitaanzia Afrika. Mwaka 412 hivi, Augustino, askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Algeria, alimwandikia barua Marcellinus, ofisa Mkristo wa dola ya Rumi. Watu wa kundi lililojitenga na Kanisa walikuwa wamekamatwa na kukiri makosa mabaya sana. Padre mmoja wa Augustino walikuwa wamemuua. Mwingine walimpiga, wakamng'oa jicho na kumkata kidole. Si kwamba Augustino hakuiamini mamlaka ya serikali. Aliiamini, na aliandika mengi kuitetea. Lakini alimwomba Marcellinus asiwaue wale watu, wala asiwakate viungo kwa kisasi cha viungo vilivyokatwa. Aliomba wazuiliwe wasidhuru tena, wapewe kazi ya manufaa, na waachiwe muda wa kutubu. Askofu ambaye mapadre wake ndio waliotendwa aliwaombea uhai waliowatenda.

Kuna lingine juu ya Marcellinus ambalo halisimuliwi mara nyingi makanisani. Mwaka 413 yeye mwenyewe alishtakiwa kwamba alihusika na uasi, akakatwa kichwa huko Karthago. Baadaye kaizari akalisafisha jina lake. Kusafishwa huko kulimkuta kaburini.

Baada ya hapo Kanisa lilishikamana na dola kwa karne nyingi, na tusifiche lililotokea. Thomas wa Akwino alifundisha kwamba mtu wa hatari kwa jamii anaweza kuondolewa kama kiungo kilichooza kinavyokatwa mwilini. Martin Luther na Yohana Calvin hawakupingana naye katika hilo, na ndugu zangu Walutheri wa KKKT wanajua kwamba Ungamo la Augsburg, ibara ya 16, linampa mtawala haki ya kutumia upanga juu ya waovu. Nchi iliyotawaliwa na Papa ilikuwa na mnyongaji wake wa kuajiriwa. Sheria ya Vatikani ilikuwa na adhabu ya kifo kwenye vitabu hadi Papa Paulo VI alipoiondoa mwaka 1969.

Mabadiliko yalikuja polepole. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 bado iliikubali adhabu hii katika makosa mazito kupita kiasi. Mwaka 1995, katika waraka wa Evangelium Vitae, Papa Yohane Paulo II akasema hali za kuihitaji kweli ni nadra sana, kama zipo kabisa, kwa sababu leo magereza yanaweza kuilinda jamii bila kuua. Mwaka 2018 Papa Fransisko akaibadili ibara ya 2267 ya Katekisimu: adhabu ya kifo haikubaliki, kwa kuwa inashambulia hadhi ya mtu, na Kanisa linajifunga kutafuta ifutwe duniani kote. Kwa Mkatoliki hilo limo katika mafundisho ya Kanisa lake, na mapadre wetu walifundishe kwenye jumuiya ndogondogo kama wanavyofundisha mengine. Kwa madhehebu yetu mengine mjadala uko wazi zaidi, na wapo Wakristo wa kiinjili, hasa Marekani, wanaoendelea kuitetea adhabu hii kwa Biblia mkononi. Siwaiti wanafiki. Nawaomba wajibu swali la Marcellinus: asiye na hatia akishauawa, kulisafisha jina lake kunamsaidia nini?

Na sisi Watanzania tuna historia yetu. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Dk. Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, aliuawa Isimani na mkulima Said Mwamwindi. Wazee mlioko humu mnaikumbuka hofu ya siku zile. Mwamwindi alihukumiwa na akanyongwa. Rais alikuwa Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa kusali kila siku, ambaye Kanisa lake limefungua mchakato wa kumtangaza mtakatifu. Silisemi hili kumhukumu Mwalimu. Nalisema kwa sababu linaonyesha Mkristo wa dhati, katika wakati wake na kwa mafundisho aliyopewa, angeweza kuukubali mzigo ule. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa nchini. Na Septemba 2017, siku ya kumwapisha Jaji Mkuu, Profesa Ibrahim Juma, Rais Magufuli alisema hadharani kwamba asipelekewe orodha ya wanaosubiri kunyongwa, kwa kuwa anajua ugumu wa jambo lile. Desemba mwaka huohuo akatoa msamaha kwa wafungwa 61 waliokuwa wamehukumiwa kifo.

Kuna wanaosema basi tatizo limekwisha, hakuna anayenyongwa, tunapigania nini? Ndugu zangu, hukumu zinaendelea kutolewa. Mtu anaamka kila siku gerezani bila kujua kama rais ajaye atakuwa na moyo kama ule wa Magufuli. Uhai wa mtu umeegemezwa kwenye dhamiri ya kiongozi mmoja, na dhamiri hairithiwi pamoja na kiti. Majirani zetu wa Congo wameliona hilo. Machi 2024 serikali yao iliondoa zuio la muda mrefu la kutekeleza hukumu za kifo, na maaskofu Wakatoliki wa nchi ile wakapaza sauti kupinga, lakini sheria ilikuwa bado ipo kitabuni, ikisubiri tu kuamshwa.

Hapa Dodoma tuna sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Katika Mahakama Kuu ya mji huu, mwaka 1994, Jaji James Mwalusanya aliamua katika kesi ya Mbushuu na mwenzake kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili, inamtweza mtu, na inapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inatweza. Kisha ikasema Katiba inairuhusu hata hivyo, kwa kinga ya ibara ya 30, kwa ajili ya kulinda jamii. Kila ninapoisoma hukumu ile nakwama palepale. Mahakama ya juu kabisa ya nchi imeandika kwamba tunachowafanyia watu hawa ni ukatili, na sheria ikabaki.

Arusha nako kuna funzo. Mahakama ya kimataifa iliyokaa pale kuhukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda haikuwa na mamlaka ya kutoa adhabu ya kifo. Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa mauaji yale, alikiri kosa la mauaji ya kimbari, na mwaka 1998 akapewa kifungo cha maisha. Katika mji uleule, kwenye Mahakama Kuu ya Tanzania, mkulima aliyemuua jirani yake mmoja kwa jembe asingepata adhabu nyingine ila kitanzi. Rwanda yenyewe iliwapiga risasi watu 22 hadharani Aprili 1998. Kisha mwaka 2007, ikiwa na majeraha ambayo hakuna mmoja wetu anayeweza kudai ameyazidi, ikaifuta adhabu ya kifo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo nayo iko Arusha, iliamua tarehe 28 Novemba 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kunavunja haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kunavunja utu. Iliipa Tanzania mwaka mmoja kukirekebisha kifungu. Mwezi huohuo nchi yetu ilikuwa imewasilisha barua ya kuondoa tamko linaloruhusu raia kupeleka mashauri yao pale moja kwa moja.

Wengine wamesogea. Uganda iliondoa ulazima kwa kesi ya Susan Kigula, iliyofika Mahakama ya Juu mwaka 2009. Kenya ilifanya hivyo kwa kesi ya Muruatetu, Desemba 2017. Burundi ilifuta mwaka 2009, Zimbabwe Desemba 2024. Lakini nawaombeni muitazame Zambia. Ni nchi iliyojiandika katika Katiba yake kuwa taifa la Kikristo. Rais Levy Mwanawasa alikataa kutia saini hati za kunyonga kipindi chote cha utawala wake, na Desemba 2022 Rais Hichilema akatia saini sheria ya kuifuta adhabu yenyewe. Taifa lililojitangaza la Kikristo halikuona kwamba Warumi 13 inalizuia.

Kama bado kuna anayesitasita, nitamletea Mganda mwenzetu, Edmary Mpagi. Alikamatwa mwaka 1981, akahukumiwa kifo mwaka 1982, yeye pamoja na ndugu yake, kwa kosa la kumuua mtu. Ndugu huyo alifia gerezani. Mpagi alikaa gereza la Luzira miaka zaidi ya 18 akisikia wenzake wakichukuliwa. Mwaka 1999 peke yake, watu 28 walinyongwa humo. Mwaka 2000 aliachiwa kwa msamaha wa rais. Yule aliyesemekana ameuawa alikuwa hai. Hakuwa ameuawa na mtu yeyote. Mashahidi walikula kiapo, mahakama ikawaamini, rufaa ikakataliwa. Mpagi alipotoka akawa katekista, akawa anazunguka kusimulia. Makatekista mliopo hapa, huyo ni mwenzenu. Angenyongwa mwaka 1999 pamoja na wale 28, ni hati gani ya serikali ingemrudisha?

Sasa nizungumze na waliofiwa, maana najua wamo ukumbini, na najua baadhi yenu mmekuja kwa hasira. Nchi hii imezika vikongwe waliokatwa mapanga Kanda ya Ziwa kwa sababu ya macho mekundu, wakidhaniwa kuwa wachawi. Imezika watoto wenye ualbino waliokatwa viungo. Watu waliposema wauaji wale nao wauawe, walikuwa wakisema kwa uchungu wa kweli, na mhubiri anayewajibu harakaharaka kwa neno "samehe" anawaumiza mara ya pili. Wauaji wale wanastahili kufungwa, na wengine kati yao wanastahili kufia gerezani. Hilo nalisema bila kusitasita.

Lakini niambieni kitanzi kimewapa nini wafiwa. Siku ile ya kesi ya jembe, mjane wa marehemu alikuwa amekaa benchi la upande wa pili, mtoto mgongoni. Hukumu ilipokwisha, askari wakamwondoa kijana, jaji akainuka, karani akakusanya majalada. Hakuna aliyemwambia neno yule mama. Alinifuata koridoni mimi, wakili wa aliyemuua mumewe, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumuuliza. Swali lake lilikuwa: "Sasa wakili, lile shamba linabaki kwa nani?" Mpaka ule uliomuua mumewe ulikuwa haujapimwa bado. Hakukuwa na mtu wa kumlipia mtoto ada, wala wa kukaa naye usiku. Serikali ilikuwa imemhitaji kama shahidi wa upande wa mashtaka, ikamaliza naye. Na sisi Kanisa, nasema kwa uchungu, tulikwenda msibani tukaimba, tukala, tukarudi makwetu.

Kwa hiyo ombi langu lina sehemu mbili, na sitaki mchukue moja mkaiacha nyingine. La kwanza ni kwa maaskofu na viongozi wetu: liandikieni Bunge na Wizara ya Katiba na Sheria, kwa jina la makanisa kwa pamoja, adhabu ya kifo ifutwe, na hatua ya kwanza, inayoweza kufanyika hata katika mkutano ujao wa Bunge, iwe kuondoa ulazima katika kifungu cha 197, ili jaji apate uhuru wa kutumia jibu la lile swali analouliza. La pili ni kwa kila parokia na kila usharika. Pawe na watu watatu au wanne, akiwamo mwanasheria panapopatikana, wa kusimama na familia iliyouliwa mtu tangu siku ya msiba hadi kesi iishe: kuwaeleza tarehe, kuwasindikiza mahakamani, kuwasaidia mirathi na mashamba, kuhakikisha watoto wanabaki shule. Watu haohao wapange zamu ya kutembelea gereza. Hapa mjini, gereza la Isanga haliko mbali na sisi.

Rasimu ya barua kwa maaskofu iko mezani mlangoni, ni ukurasa mmoja. Anayekubali atie saini. Asiyekubali aandike pembeni ni wapi hakubaliani na kwa andiko gani, maana tutazisoma hoja zote kabla ya kuituma. Orodha ya wanaojitolea kwa ajili ya familia iko karatasi ya pili, na kamati itakaa Jumamosi saa 4 asubuhi, hapahapa ukumbini. Mawakili, naomba msiondoke kabla hamjaandika namba zenu za simu. Asanteni kwa kunisikiliza.